Usiuze masega ya gari lako

Ukiwa na gari lililotumika lililotoka Japani, huenda siku moja fundi akakushawishi umuuzie "masega" yaliyomo kwenye bomba la moshi. Atakwambia gari litakuwa jepesi na wewe utapata pesa. Kabla hujakubali, jua unachouza.

Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kugusana. Lakini ndani ya injini, ambamo joto la mwako huweza kupita digrii 2,000 za sentigredi, huungana na kuwa oksidi za naitrojeni. Hata petroli ikiwa safi namna gani, gesi hiyo itatoka tu, kwani chanzo chake ni hewa yenyewe.

Ikifika nje, hugeuka gesi ya rangi ya hudhurungi inayowasha mapafu. Mtoto mwenye pumu huwa wa kwanza kuumia. Jua likiipiga ikiwa imechanganyika na mvuke wa petroli, huzaa ozoni, ambayo hukereketa koo. Mwanasayansi Arie Haagen-Smit aliwaeleza haya wakazi wa Los Angeles, Marekani, mapema katika miaka ya 1950, wakati ukungu wa moshi ulipokuwa ukiwatoa machozi.

Masega ndiyo dawa yake. Ni kipande cha kauri chenye matundu mengi membamba kama sega la nyuki, ndiyo maana mafundi wakakiita hivyo. Kuta za matundu hayo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapopita, rodiamu huitenga naitrojeni na oksijeni. Naitrojeni hurudi hewani bila madhara, na oksijeni huunguza mabaki ya petroli na ile gesi hatari ya monoksidi ya kaboni. Masega mazima yakishapata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizi.

Madini hayo yana bei kubwa, na hapo ndipo tamaa ya fundi ilipo. Zamani petroli yenye risasi iliyaharibu masega, lakini petroli hiyo iliondolewa nchini mwaka wa 2006. Hatuna kisingizio tena.

Basi ukipeleka gari gereji, chungulia chini yake kabla ya kuliacha na unapolichukua. Ukikuta bomba limekatwa na kuungwa kwa kipande kipya, au mlio umeongezeka na harufu ya moshi imekuwa kali, uliza. Na masega yakiziba, badilisha. Usiweke bomba tupu.

Pesa ya masega itaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Moshi utabaki kwenye foleni ya asubuhi, madirisha yakiwa wazi na watoto wakienda shule. Mchuma janga hula na wa kwao.