Mkimbizi si kinyago

Wapenda filamu za kutisha wanamjua Bela Lugosi kama Dracula, mnyonya damu wa filamu ya mwaka 1931. Wachache wanajua kwamba alikuwa mkimbizi.

Alizaliwa mwaka 1882 huko Lugos, wakati ule Hungaria, leo Rumania, na jina lake la usanii alilitoa kwa mji huo. Mwaka 1919 alisaidia kuunda chama cha waigizaji. Serikali ya mapinduzi ilipoanguka, akakimbia. Marekani alifika bila Kiingereza, akakariri maneno ya jukwaani kwa sauti tu.

Dracula ikampa sifa, kisha sifa ikawa pingu. Kwa lafudhi ile, akapewa karibu kila mara kazi ya kutisha watu. Alikufa mwaka 1956, akazikwa na joho la Dracula.

Luena nayo ijihadhari. Mama aliyekimbia vita pengine ni mshonaji, baba, mwalimu. Akiitwa "mkimbizi" tu kila siku, ufundi wake unazikwa angali hai. Mwenyeji amuulize kwanza jina lake, kisha kazi anayoijua. Hilo halihitaji msaada kutoka Kinshasa.