MVUVI WA ALFAJIRI AONEKANE!

Ndugu wanaushirika,

Mwika haina ziwa. Tuna migomba, kahawa na mifereji. Kwa hiyo wapo wanaouliza: habari za uvuvi zinatuhusu nini sisi watu wa mlimani?

Zinatuhusu sana. Vihamba vimegawanywa mpaka vimekwisha. Baba mwenye watoto wa kiume wanne hana tena cha kuwakatia. Vijana wanateremka Himo, wanaendelea mpaka Bwawa la Nyumba ya Mungu, wengine Ziwa Jipe, wanashika kasia. Hawa ni watoto wetu. Hata maji ya bwawa yana sehemu yetu, maana Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro na kuyamwaga humo.

Sasa tuseme jambo lenyewe. Kijana anatoka saa 10 usiku kwenda kutegua nyavu. Mtumbwi wake ni mwembamba, wa mtu mmoja, umekaa chini kabisa majini. Taa hana. Amevaa koti jeusi la baridi alilotoka nalo huku. Boti ya injini ikija, mwendeshaji anaona gogo, au haoni kitu. Ukimwuliza kijana kwa nini hawashi taa, jibu liko tayari: "Doria wataniona."

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Anayejificha doria amejificha na boti pia. Amejificha na mtu ambaye angemwokoa. Giza halichagui. Kwa hiyo sisi tunasema taa na leseni ni mambo yanayokwenda pamoja. Mwenye leseni haogopi kuwasha taa. Asiye na leseni, hata ukimpa taa ya bure, hataiwasha.

Sheria ipo. Ni Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Mvuvi awe na leseni, na chombo chake kiandikishwe. Kokoro, nyavu za timba, sumu na baruti ni marufuku. Tusiseme ati ni kuwaonea wanyonge. Mwaka 2016 uvuvi wa Nyumba ya Mungu ulisimamishwa kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno kwa zana haramu. Siku hizo aliyekuwa na leseni na asiyekuwa nayo wote walikaa ufukweni, njaa moja.

Jipe nako kuna yake. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani ya ziwa, na majini hakuna jiwe la mpaka. Kijana anafuata wavu uliosukumwa na upepo, kunakucha yuko nchi ya watu, na leseni ya huku haimsaidii kule. Tena kiboko hupanda nchi kavu usiku kula majani na kurudi majini alfajiri, saa ileile kijana anapousukuma mtumbwi gizani.

Wapo wanaopinga. Wanasema taa inawaonyesha wezi nyavu zilipo. Hoja hiyo tusiidharau, wezi wa nyavu wapo. Lakini nani amesema taa iwake usiku kucha? Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini zilitungwa mwaka 1972, zikaanza kutumika mwaka 1977, mwaka uleule CCM ilipozaliwa. Waliozitunga walimkumbuka hata mpiga kasia. Kama hana taa za kudumu, awe na tochi au taa ya mwanga mweupe karibu na mkono, aionyeshe mapema kabla hajagongwa. Basi. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini hata bwawani akili ni ileile: sikia injini, onyesha taa.

Jambo la pili linatuuma zaidi. Mitumbwi mingine si ya hao vijana. Ni ya tajiri aliyelala kitandani kwake. Mtumbwi wake, wavu wa timba wake, faida yake. Kijana akikamatwa, faini ni ya kijana. Akizama, msiba ni wa mama yake huku mlimani. Huo ni unyonyaji, hata kama tajiri mwenyewe ni jirani yetu na tunasali naye.

Kwa hiyo tunataka mambo haya:

1. Mwenye mtumbwi ndiye aandikishe chombo, alipie leseni yake, anunue taa na jaketi la kuokolea. Asiyetaka, kijana asimpandie mtumbwi.

2. Kila mvuvi awe na tochi mbili, moja ining'inie shingoni kwa kamba, na filimbi. Juu ya koti avae fulana nyeupe au ya njano. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Koti zito likilowa linamvuta mtu chini.

3. Kabla ya kuondoka, kijana aage mtu. Aseme anakwenda upande gani na atarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita watu watoke wamtafute, na Zimamoto na Uokoaji wapigiwe 114.

4. Wanunuzi, hasa akina mama wa samaki hapa sokoni, mkatae perege wadogo wa kiganja cha mtoto. Samaki wa namna hiyo ametoka kwenye wavu unaoogopa mwanga.

5. Ofisi zinazotoa leseni nazo zisogee karibu na wavuvi. Mtu akipoteza siku tatu za kazi kutafuta mhuri, anajifunza kuishi bila mhuri.

6. Mkutano mkuu ujao ujadili mkopo mdogo wa leseni na taa. Tunakopeshana mbolea, kwa nini tusikopeshane taa?

Mzazi mwenye kijana bondeni, usingoje mkutano. Leo jioni mpigie simu. Usimwulize kwanza amepata kilo ngapi. Mwulize: taa unayo? Leseni unayo? Jana ulimwaga nani?

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Chama, Tawi