Maniema: Kabla ya kupima moyo wa walimu wa vyuo vikuu, tupime maswali yenyewe

Kijana anayetoka Kalima kwenda kusoma kwenye Chuo Kikuu cha Kindu anahitaji mwalimu anayefundisha kwa moyo. Lakini moyo huo unapimwa vipi?

Watafiti hutumia orodha za maswali. Ile ya Keith Trigwell na Michael Prosser, iliyotungwa Australia, ilikuwa na sentensi 16. Inatofautisha mwalimu anayepitisha maarifa tu na yule anayemsaidia mwanafunzi kubadili fikra zake. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unamtaka huyu wa pili.

Shida iko hapa. Asistenti ambaye hajaingizwa bado kwenye orodha ya mishahara, mbele ya wanafunzi wengi wasio na vitabu, atawasomea nota waandike. Karatasi itasema imani yake ni ya kizamani, kumbe vitabu ndivyo vinakosekana.

Kwa hiyo maswali yahakikishwe kwanza hapa kwetu: walimu waeleze wanavyoyaelewa, kikundi kidogo kiyajaribu, majibu yalinganishwe na yanayoonekana darasani. La sivyo, serikali italeta semina mahali panapohitaji mishahara na vitabu, na hasara itamwangukia kijana wa Kalima.