Waliorudishwa Makwao: Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Haki ya Kukutana



Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 amepatikana nchini mwetu. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 vyuo na vyuo vikuu navyo vikaamriwa kufunga milango. Vyuo vikuu vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Hizo ni siku 75, na kwa kipimo cha dunia ni kipindi kifupi; majirani zetu wa Uganda walifunga shule zao mwezi huo huo wa Machi 2020 na hawakuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Huenda ndiyo sababu siku zile zimesahauliwa upesi, hata hazitajwi tena katika vikao vyetu vya haki na amani. Makala haya yanadai kwamba zisisahauliwe, kwa kuwa yaliyowapata vijana wetu wakati ule yalifunua jambo lililokuwapo kabla ya ugonjwa na ambalo lingalipo hata sasa.

Yafaa kwanza tuseme kweli kuhusu aina ya kufungiwa kulikotupata. Mahali pengi duniani watu walizuiwa kutoka nyumbani. Kwetu haikuwa hivyo. Soko la Tukuyu liliendelea, malori ya ndizi yalipakia kama kawaida, chai ilichumwa Katumba, mabasi yalikwenda Mbeya na Kyela. Makanisa yalibaki wazi, na tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa zima liliitwa kusali kwa siku tatu. Basi aliyefungiwa ni nani? Ni mwanafunzi. Watu wengine wote walibaki katika shughuli zao na mahali pao; yeye peke yake aliondolewa mahali pake, akarudishwa nyumbani ambako kila mtu alikuwa na kazi yake isipokuwa yeye. Upweke wa namna hiyo hauonekani kwa urahisi. Mtu aliyefungiwa ndani pamoja na jirani zake wote anajua kwamba wanashiriki jambo moja, lakini huyu alikaa barazani akiwatazama wenzake wa kijijini wakipita na majembe, hana la kuwaambia.

Wengi walifunga safari wakidhani watarudi baada ya siku 30, kwa maana ndivyo amri ya kwanza ilivyosema. Wakaacha madaftari, matandiko na hata sufuria vyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni kilomita zipatazo 900. Si safari ya kwenda kuchukua kitabu kilichosahauliwa. Kisha muda ukaongezwa bila tarehe, na katika vyuo vingi masomo yakasimama kabisa.

Tena, katika kumbukumbu ya nchi hii, mwanafunzi wa chuo kikuu kurudi nyumbani katikati ya muhula kumekuwa ni adhabu. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi wapatao 400 waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kwa sababu ya mgogoro wa wanafunzi na Serikali, kikafunguliwa mwaka 1991. Kwa hiyo mzee aliyemwona mjukuu wake akishuka basini na begi mwezi Machi, hata kama redio ilikwisha kueleza habari za ugonjwa, hakukosa kumtazama mara mbili. Nilisikia swali hilo likiulizwa kwa upole, "Mwanangu, ni kweli wote mmerudishwa?" Kijana anayejibu swali hilo kila siku kwa jirani mpya huanza naye kujiona kama mkosaji.

Alikosa nini huyu kijana? Watu husema alikosa vipindi. Ni kweli, lakini vipindi ni sehemu ndogo tu ya chuo. Anayejua maisha ya wanafunzi anajua vimbweta, yale mabenchi ya saruji chini ya miti ambako hoja iliyosemwa darasani kwa dakika tano hubishaniwa kwa saa tatu. Anajua madesa yanayopita mkono kwa mkono, na anajua kubebana, ambako aliyekosa chumba hupokewa kitandani na mwenzake aliyepata, kinyume cha sheria za bweni lakini si kinyume cha Injili. Ndani ya mtandao huo wa watu mwanafunzi maskini huishi. Asiye na kitabu huazima, asiye na nauli huchangiwa, na aliyekata tamaa huamshwa na wa chumbani mwake aende kwenye mtihani. Mtandao huo ulikatika kwa siku moja.

Sisi wa Rungwe tusingepaswa kushangazwa na uzito wa jambo hili, kwani babu zetu walilijengea vijiji. Mila ya Wanyakyusa ilikuwa kwamba wavulana wa rika moja wakifikia umri wa miaka kumi hivi huacha kulala kwa baba zao, wakajenga kijiji chao wenyewe, wakala pamoja wakizunguka kwa mama wa huyu na wa yule, na baadaye wakaleta wake zao hapo hapo. Mtafiti Monica Wilson, aliyekaa huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu juu ya vijiji hivyo kilichochapishwa mwaka 1951, na katikati ya kitabu hicho ameliweka neno letu *ukwangala*: kukaa pamoja na wenzako, kula, kuzungumza na kusaidiana kama watu walio sawa. Wazee walishika kwamba hekima haipatikani kwa kumsikiliza mkubwa tu. Hupatikana katika mazungumzo na walio rika lako. Sitaki kuipamba mila ile kupita kiasi, maana wasichana hawakuwa na kijiji chao, nao waliozwa mapema. Lakini anayesema kwamba chuo ni masomo tu, na kwamba masomo yanaweza kutumwa kwa simu, ana jibu la kutafuta mbele ya wazee wale.

Simu ilisaidia, na si haki kuibeza. Makundi ya WhatsApp ya madarasa, ya watu waliotoka wilaya moja, na ya vijana Wakatoliki wa TMCS yaliwaweka wengi pamoja. Wapo waliosali rozari jioni kila mmoja akiwa kwao, mmoja akituma fumbo kwa sauti na wengine wakiitikia. Lakini tuseme pia ni nani alikuwamo na nani hakuwamo. Aliyekuwa Tukuyu mjini, mtoto wa mwajiriwa, alikuwa na umeme, simu nzuri na fedha ya kifurushi. Aliyekuwa ndani huko Mwakaleli au Ikuti alipanda kilimani kutafuta mtandao, na mvua za Aprili za Rungwe zinajulikana. Kifurushi kilishindana na chumvi na sabuni. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, zimekusudiwa maisha ya chuoni, na mzazi anayeuza ndizi hakuwa ameweka akiba ya kununua intaneti. Nakumbuka kijana mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa akiwasha simu yake mara moja kwa juma, siku ya gulio, akakuta ujumbe zaidi ya mia tano, asome hadi kifurushi kiishe, kisha aizime.

Kwa mabinti hali ilikuwa ngumu zaidi. Mvulana aliyekaa na simu alionekana anasoma. Msichana aliyekaa na simu alionekana mvivu, au alishukiwa ana mambo mengine. Kuni, maji, ndizi za kumenya na wadogo wa kuogesha vilikuwa vikimngoja tangu alfajiri. Baba aliyelipa ada kwa taabu hakuwa mtu mbaya. Hakuelewa tu kwamba binti yake, akiwa ameinamia kile kioo kidogo, alikuwa chuoni. Wapo waliochumbiwa katika miezi ile, nao hawakurudi.

Aidha, uzi ule ule uliowaunganisha ulileta pia sumu. Baada ya mwisho wa Aprili 2020 Serikali iliacha kutoa takwimu mfululizo, na katika hesabu za kimataifa Tanzania ilibaki na wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Penye ukimya uvumi hujaa. Vijana wetu, ambao kijijini walihesabiwa kuwa ndio wasomi, waliulizwa kila siku habari za ugonjwa huu, nao hawakuwa na chochote mkononi ila yale yaliyopita katika makundi ya simu: dawa za kila namna, misiba ya kweli na ya uongo vikichanganyika. Mawasiliano bila ukweli hayawaunganishi watu, huwatia hofu pamoja. Maaskofu wetu waliliona hilo, na mapema mwaka 2021 wakatoa tahadhari waziwazi kwamba ugonjwa ungalipo; chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021.

Wengine watasema: kufunga kulikuwa lazima, basi lawama za nini? Nami nakubali kwamba kulikuwa lazima. Mabweni yetu yanavyojaa, ugonjwa ungepita humo kama moto katika nyasi kavu. Hoja yangu si kwamba vyuo visingefungwa. Hoja yangu ni kwamba mzigo wa kuilinda jamii nzima uliwekwa juu ya mabega ya vijana, kisha jamii haikuuliza ni nani kati yao hawezi kuubeba. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanasema manufaa ya wote hayapatikani kwa kumsahau mmoja. Walipoitwa tena tarehe 1 Juni, ratiba ikabanwa ili kufidia muda uliopotea, na wote wakapimwa kwa mtihani mmoja: aliyekuwa akijisomea kwa miezi miwili na nusu, na aliyekuwa akipalilia chai.

Wala tusiseme kwamba nchi yetu haikujua namna ya kumfikia mwanafunzi aliye mbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na tangu kipokee wanafunzi wa kwanza mwaka 1994 kimewafundisha watu waliobaki makwao na makazini, wakitumiwa vitabu na kukutana mara chache katika vituo vya mikoa. Ujuzi huo ulikuwapo hapa hapa, kabla ya Zoom, na mabasi ya Mbeya yaliyobeba vifurushi vya kila aina yangeweza kubeba na bahasha za masomo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: mwanafunzi wetu wa Ikuti yuko wapi leo?

Lakini hata bahasha isingetosha. Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane alikuwa na mengi ya kuwaandikia wapendwa wake, akaacha kwa makusudi, akawaambia hakupenda kutumia karatasi na wino, na kwamba anatumaini kuja kuonana nao ili furaha yao ikamilike. Marehemu Papa Fransisko, katika *Fratelli Tutti* ya Oktoba 2020, alitoa onyo la namna hiyo kuhusu mahusiano ya mitandao: yanaweza kuonekana kuwa ni urafiki na yasijenge kweli umoja wa "sisi". Kanisa halikatai barua. Vitabu vingi vya Agano Jipya ni barua. Linajua tu kwamba barua ni ahadi ya kukutana.

Tena uzi huu wa simu si mali yetu. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilianza, watu wakalalamika nchi nzima, zikasitishwa siku hiyo hiyo. Hapo sauti ya wananchi ilisikika, na tushukuru. Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na wazazi wa hapa waliokuwa na watoto mijini walikaa bila kujua kama wa hai au la. Mwaka 2020 maskini walikosa mawasiliano kwa kukosa fedha, na mwaka 2025 wote waliyakosa kwa amri. Katika nyakati zote mbili anayedai kwamba mawasiliano ni anasa ya vijana alinyamazishwa na wazazi wenyewe.

Na Kanisa je? Parokia nyingi hazikuwatambua vijana hawa waliporudi. Mwanafunzi huhesabika kuwa wa chuo anapokuwa nyumbani, na huhesabika kuwa wa nyumbani anapokuwa chuoni, hata daftari la Jumuiya Ndogo Ndogo likose jina lake pande zote mbili. Kumbi zetu zina umeme na viti, nazo siku za kazi hukaa zimefungwa. Ukumbi mmoja uliofunguliwa siku tatu kwa juma, wenye meza, taa na intaneti inayolipiwa kwa mchango wa wote, ungemtoa msichana jikoni kwa ruhusa ya baba yake, kwa kuwa anakwenda kanisani. Ungemtoa na mvulana kilimani mvuani. Hapo wangekaa umbali uliotakiwa, wakabishana, wakaazimana madesa. Ukwangala ungerudi.

Hili halihitaji ugonjwa mwingine ili lianze. Kila mwaka likizo ndefu huwaleta wanafunzi hao huku Rungwe kwa miezi kadhaa. Wenyeviti wa Jumuiya wanaweza kuandika majina yao kuanzia likizo ijayo, na wasiwaache wale waliokwenda chuoni mwaka 2019 au kabla yake na ambao, walipoitwa Juni 2020, hawakupanda basi. Wengine wangali hapa hapa kati yetu, wana watoto sasa, na namba zao za usajili chuoni wanazikumbuka kwa moyo. Yafaa tuwaendee nyumbani, tuwaulize kama wangependa kumaliza, na kama ndiyo, Tume ya Haki na Amani ya parokia iandike barua kwa chuo husika pamoja nao.