Namba Badala ya Jina: Waraka kwa Walimu Wenzangu wa Arua na Koboko

Ndugu walimu wenzangu,

Mitihani inakaribia, na kamati za udahili zitaanza kukaa. Nina ombi moja kubwa: tusisahihishe tena karatasi yenye jina la mwanafunzi. Tutumie namba.

Mnajua nafundisha uchunguzi wa kisayansi wa jinai. Darasani kwangu hakuna anayemaliza bila kusoma kisa cha Brandon Mayfield. Machi 2004 treni zilipigwa mabomu Madrid, na alama ya kidole ikapatikana kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu. FBI wakasema ni ya Mayfield, wakili wa Oregon, Marekani. Polisi wa Hispania walipinga, lakini hawakusikilizwa. Mayfield alikuwa amesilimu. Alikaa kizuizini wiki mbili, mpaka Wahispania walipomtaja mwenye alama, Ouhnane Daoud wa Algeria. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2. Wakaguzi wa serikali hiyo waligundua kwamba mwanzoni wataalamu wa FBI hawakujua dini yake, ila baadaye, walipoijua, ilichangia kuwafanya wasirudie kazi yao kwa makini hata walipoulizwa maswali yenye msingi.

Mwaka huohuo wa 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio lao. Waliwapa wataalamu watano alama ambazo kila mmoja wao aliwahi kuzithibitisha kuwa zinalingana, wakawaambia kuwa ni zile ambazo FBI walikosea kuzihusisha na Mayfield. Wanne walibadili uamuzi, ingawa alama zilikuwa zilezile.

Ikiwa hadithi peke yake inaweza kumyumbisha mtaalamu anayetazama mistari ya kidole, itakuwaje kwa mwalimu aliyechoka, anayesoma insha ya kurasa nne usiku? Kwetu jina husema mengi kabla ya jibu la kwanza kusomwa. Linasema huyu ni Mlugbara, huyu Mkakwa, huyu Mnubi, huyu Mdinka wa kambini, huyu Mwislamu, huyu Mkatoliki. Siwatuhumu kwa chuki. Wataalamu wa Dror nao hawakuwa na chuki na mtu.

Wapo wanaonong'ona kwamba "watu wa kule hawawezi sayansi". Nawajibu kwa Francis Galton, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba jamii za wanadamu zina madaraja. Katika kitabu chake cha 1892 kuhusu alama za vidole alitafuta alama ya pekee ya jamii fulani. Aliitaka sana, na hakuipata; akaandika hivyo.

Sisi wa West Nile tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Baada ya Rais Idi Amin, mtu wa West Nile, kuanguka mwaka 1979, watu wetu walihesabiwa wana hatia kwa sababu ya walikozaliwa. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, hapa jirani. Leo watoto wa waliotupokea ng'ambo ndio wanaokuja kwetu kutoka makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Na Wakakwa wako Koboko, wako Yei, wako upande wa Aru: ndugu wa ukoo mmoja, mmoja tunamwita raia, mwingine mgeni.

Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 21, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza ubaguzi wa rangi, asili, kabila na dini. Imesema watu, haikusema raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 haikufika huko: katika elimu ya msingi mkimbizi ni sawa na raia, lakini juu ya hapo anahesabiwa pamoja na wageni wengine. Kuirekebisha ni kazi ya Bunge. Karatasi iliyo mezani ni kazi yetu.

Najua madarasa mengine ni madogo na mwandiko tunaujua. Hapo karatasi isomwe na mwalimu wa pili asiyelijua darasa. Kwenye udahili, tushike kanuni ya vielelezo vya mahakamani: nani alipokea fomu, siku gani, alimkabidhi nani. Anayekataliwa aandikiwe sababu, na sababu iandikwe kabla ya kamati kuona wilaya au nchi yake. Cheti cha Juba au cha Bunia kipelekwe kulinganishwa na kisitupwe kwa sababu muhuri wake ni mgeni machoni petu.

Wenzangu wa Koboko, anzeni na mitihani ya muhula huu, msisubiri Arua. Kila idara imteue mtu asiyesahihisha atunze orodha ya majina na namba, aifunge, asiifungue mpaka alama zote zitiwe saini. Mkikutana na upinzani, niiteni kwenye kikao cha idara. Nitakuja na zile alama za vidole, tuzitazame pamoja.

Mwalimu mwenzenu,
Arua