Video ikikwama, tugawe kazi ya diski

Binti zetu wanaotengeneza video za harusi wanalalamika kwamba picha inakwama-kwama. Wakati mwingine ordinatere si mbovu; diski moja imebebeshwa kila kitu. Diski ya kuzunguka inasoma karibu megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, na mkono wake hauwezi kuwa pahali pawili kwa mara moja. Basi, programu zikae kwenye SSD ya ndani. Video za kazi ziwekwe kwenye diski ya pili, ikiwezekana SSD nayo, kwenye tundu la USB 3. Diski ya tatu, hata ya kuzunguka, itunze nakala katika nyumba nyingine. Hapo ndipo kadi ya kamera ifutwe. Harusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya kamera.