Mtu Mzima na Farasi wa Mbao

Mtu mzima arudiaye bustani ya michezo mwaka kwa mwaka huchekwa. Husemwa kwamba akili yake ilikoma kukua kabla ya mwili, kwamba anakimbia mizigo ya umri wake, na kwamba mwenye ndevu kupanda farasi wa mbao ni aibu ya ndevu na hasara ya farasi. Dhihaka hii hupendeza masikioni, lakini utamu wa neno si ushahidi wa kweli yake. Ikipimwa, huonekana nyepesi.

Mfano unaofaa kuamua shauri hili ni Disneyland, bustani iliyofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mahali palipokuwa mashamba ya michungwa. Walt Disney, mwasisi wake, alisimulia kuwa wazo la bustani lilimjia alipokuwa amekaa kwenye benchi akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Watoto walikuwa na mchezo. Baba alikuwa na benchi. Akaazimia kujenga mahali ambapo mzazi na mtoto wangefurahi pamoja. Basi mtu mzima hakuingia bustanini kwa kunyemelea mlango wa watoto. Mlango ulikatwa kwa kimo chake tangu siku ya kwanza.

Ushahidi wa pili umo katika mtaa ambao mgeni huupita kwanza aingiapo. Mtaa huo ni mfano wa mji mdogo wa Marekani katika mwanzo wa karne ya 20, na sehemu yake ilitokana na kumbukumbu za Marceline, Missouri, alikoishi Disney utotoni. Mtoto wa mwaka 1955 hakuweza kuukumbuka mji wa namna ile. Aliyeweza ni babu yake. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya kumbukumbu, na kumbukumbu ni mali ya waliokwisha kuishi.

Lakini kwa nini arudi aliyekwisha kuona? Safari ya mashua katikati ya maharamia ilianza kupokea wageni mwaka 1967. Aliyeipanda mara nyingi ajua mahali mashua itakapoporomoka gizani, ajua upande ambako wimbo utatokea, na ajua mji gani utaonekana ukiwaka moto usiounguza. Ajuaye yote haya hawezi kuwa amefuata jambo geni. Amefuata kipimo. Mara ya kwanza aliletwa amepakatwa na mama yake. Mara ya pili aliushika mkono wa mchumba. Mara ya tatu alimpakata mtoto wake mwenyewe. Mara ya nne nafasi iliyo kando yake ni tupu. Mashua ile ile imewapakia watu wanne walio mtu mmoja. Nyumba aliyozaliwa imeuzwa, shule yake imebomolewa, na michungwa ya Anaheim imegeuka barabara na hoteli. Mtu akiondolewa kila kitu kinachokaa mahali pake, atajuaje umbali aliokwenda?

Hapo hoja ya akili iliyokoma kukua huanguka kwa uzito wake. Katika safari hiyo ya maharamia palikuwa na mandhari ya wanawake wakinadiwa kama bidhaa, na vizazi vya watazamaji viliicheka. Mwaka 2018 mandhari hiyo ilibadilishwa. Wako waliolalamika kuwa wamepokonywa utoto wao. Hao walikosea, kwa maana kumbukumbu haina haki ya kulinda udhalimu. Lakini yuko pia aliyecheka akiwa mtoto na kuona haya akiwa mzazi. Huyo alijua kuwa amekua kwa sababu alirudi. Asiyerudi hakujua kuwa aliwahi kucheka.

Wenye elimu ndio wasiostahili kabisa kumcheka. Mwanachuoni husoma utenzi mmoja miaka 30, akijua kila beti litakavyokwisha, na hakuna amwambiaye kuwa amekataa kukua. Kurudia kitabu huitwa elimu. Kurudia bustani huitwa utoto. Kama tofauti iko katika ubora wa kitu kirudiwacho, na ijadiliwe. Tendo la kurudi ni moja, na haja iliyolizaa ni moja.

Imebaki lawama moja yenye nguvu, nayo ni ya biashara. Mwaka 1955 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na michezo ikilipiwa mbalimbali; leo tikiti ya siku moja kwa kawaida hupita dola 100, na ongezeko hilo limepita mbali kushuka kwa thamani ya fedha. Wenye bustani wajua kuwa aliyezikwa na baba yake moyoni mwake hatahesabu sana senti mlangoni. Hili ni kosa, na lina mwenyewe. Auzaye maji kwa bei ya dhahabu ndiye wa kulaumiwa. Kiu haijawa dhambi. Ajabu ni kuwa wachekaji humwacha muuzaji apite na kumpiga mawe mwenye kiu.

Juu ya kituo cha zimamoto, katika mtaa ule wa kumbukumbu, kiko chumba kidogo alichokitumia Disney. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966, na katika dirisha la chumba hicho taa huachwa ikiwaka kwa heshima yake. Mtu mzima aitazamaye hajidanganyi kuwa mwenye chumba atarudi. Anajua kuwa hatarudi; ndiyo maana amekuja yeye.